Mbwa wa familia akifa: mambo 5 ya kufanya nyumbani

"Si mbwa tu? Mtapata mwingine." Ndivyo wengi husema. Lakini mbwa aliyelinda geti na kuwapokea watoto kila jioni kwa miaka 10 akiondoka, nyumba inapwaya. Huzuni hiyo ni ya kweli, si ya kuonea aibu.

1. Waambie watoto ukweli. Ukisema "amelala", mtoto mdogo atamsubiri aamke, au ataanza kuogopa kulala. Sema wazi: amekufa, hatarudi.

2. Jua kilichomuua. Kama alibadilika ghafla, akatokwa mate mengi au kung'ata ovyo, huenda ni kichaa cha mbwa. Msimguse, mpigieni daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha awahi hospitali kuchanjwa siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

3. Kama hakuna shaka ya kichaa, mzikeni. Chimbeni shimo refu, mbali na kisima, asije akafukuliwa. Mtoto akitaka kuweka maua, mwacheni.

4. Mwangalie mbwa aliyebaki. Anaweza kuzunguka akimtafuta mwenzake. Mlishe na kumtembeza saa zilezile. Akigoma kula zaidi ya siku moja, muone daktari.

5. Msikimbilie kuleta mwingine. Subirini hadi jina la aliyekufa liweze kutajwa mezani bila mtu kuinuka.