Kompyuta nzito: ubadili prosesa au uache?

Wadau, hili swali linaulizwa kila siku. Mashine ya nyumbani imekuwa nzito, fundi anakwambia "tia prosesa kubwa hapo itaruka". Je, itaruka kweli? Mara nyingi haitaruka, na hela itakuwa imeshakwenda.

Prosesa ndo inapiga hesabu, lakini haifanyi kazi peke yake. Inasubiri data kutoka kwenye RAM, na RAM nayo inasubiri diski. Tuseme programu inachukua sekunde 20 kufunguka, na katika hizo prosesa inafanya kazi kweli sekunde 4 tu, 16 zilizobaki inasubiri diski. Ukinunua prosesa yenye kasi mara mbili umeokoa sekunde 2. Kutoka 20 mpaka 18! Nani ataona hiyo tofauti?

Kwa hiyo kabla hujatoa hela pima kwanza. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, nenda palipoandikwa Performance. Iache wazi, halafu fanya ile ile kazi inayokukera. Kama diski inagonga 100% huku CPU ipo 20%, mchawi wako ni diski. Diski ya zamani ya kuzunguka inasoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, na hapo ni data iliyopangika vizuri. Ikitawanyika inashuka vibaya sana. SSD ya kawaida ya SATA inafika kama MB 500. Kama memori imejaa, Windows inaanza kutumia diski badala ya RAM, na hapo ndo mashine inaganda mpaka unataka kuizima. Ongeza RAM, achana na prosesa.

CPU ikikaa karibu na 100% muda wote wa kazi, hapo sasa tuongee. Lakini angalia kwanza ni programu gani inayoila, isije ikawa kirusi au Windows inajisasisha kimya kimya. Fungua na boksi pia. Vumbi letu hili likiziba feni, prosesa inapata joto na inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kusafisha na kupaka pasta mpya ya joto ni gharama ndogo sana.

Kuna mtego mmoja watu wengi hawaujui. Programu zingine zinatumia uzi mmoja tu wa prosesa. Kama prosesa yako ina nyuzi 4, uzi mmoja ukijaa kabisa Task Manager itaonyesha 25% tu, na wewe utadhani prosesa imepumzika. Bofya kulia kwenye grafu uchague kuonyesha kila uzi peke yake.

Tuchukue mfano wa Dell OptiPlex 7010 ile ya 2012, moja ya zile mashine za mtumba za maofisini. Tuseme yako ina Core i3-3220: kori 2, nyuzi 4, GHz 3.3. Soketi yake ni LGA1155, inakubali Core i7-3770 yenye kori 4, nyuzi 8, na inapanda mpaka GHz 3.9. Kama unahariri video, muda wa kutoa faili unaweza kupungua karibu nusu, maana kazi inagawanywa kwenye kori zote. Lakini kwa kazi ya uzi mmoja faida ni kutoka 3.3 mpaka 3.9, yaani kama asilimia 18. Kwa Word na kuperuzi mi naona ni kutupa hela. Halafu i3 hiyo ni ya wati 55, i7 ni wati 77, kwa hiyo feni iwe nzima.

Usilinganishe GHz za prosesa za vizazi tofauti. Pentium 4 ilifika GHz 3.8 mwaka 2004, na Core 2 Duo za 2006 zikaipita zikiwa na GHz chache zaidi.

Na jina la soketi tu halitoshi. LGA1151 ilianza 2015 na kizazi cha 6, lakini prosesa za kizazi cha 8 zilizotoka 2017 zinadai madabodi mpya ingawa soketi ina jina hilo hilo. Tafuta orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi yako. Laptopu nyingi za kuanzia 2015 sahau kabisa, prosesa imechomelewa kwenye madabodi.

Wale wanaotaka i7 ya zamani ili wapate Windows 11, kwa vile Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025: i7-3770 haimo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache za kizazi cha 7.

Mwenye swali aandike jina la mashine, prosesa, RAM na alichokiona kwenye Task Manager, tuone cha kufanya.