Zebaki ya dhahabu inavyoufikia ubongo wa mtoto aliye tumboni

Ukitaja Lusu, wilayani Nzega mkoani Tabora, wengi wanawaza dhahabu. Na kwa wachimbaji wadogo wengi nchini, dhahabu inakwenda na zebaki. Anayeweza kuumia zaidi ni mtoto ambaye hata hajazaliwa.

Inatumikaje?

Mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa, zebaki huchanganywa na mchanga ili inase chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa: dhahabu inabaki, zebaki inapaa kama mvuke usioonekana. Anayechoma anauvuta, na aliye jirani pia. Nyingine hubaki kwenye marudio, mvua ikinyesha inasombwa hadi kwenye maji.

Samaki wanaingiaje hapo?

Kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, sumu kali zaidi. Inaanzia kwa viumbe wadogo, inapanda kwa samaki wanaowala. Sangara mkubwa hubeba nyingi kuliko dagaa. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi.

Hata samaki wenyewe hawaponi. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mayai yakiwekewa methilizebaki, vifaranga huogelea na kujifunza kwa shida.

Kwa nini ubongo wa mtoto?

Wakati wa mimba, seli za ubongo huzaliwa, husafiri hadi mahali pake, kisha huunganishwa. Methilizebaki huvuruga kazi hiyo. Inapita kwenye kondo la nyuma, na damu ya mtoto inaweza kuwa nayo nyingi kuliko ya mama.

Minamata, Japani, ilijifunza kwa uchungu. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956. Wapo mama waliokuwa na dalili ndogo tu, lakini watoto wao walizaliwa na matatizo makubwa ya kutembea, kuongea na akili.

Ufanye nini?

• Usichome zebaki nyumbani wala karibu na watoto.
• Mjamzito na anayenyonyesha wasiishike, wala wasifue nguo zilizotoka nayo kazini.
• Tumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke. Zebaki hurudi, na hela yako pia.
• Usiache samaki, mafuta yake yanajenga ubongo wa mtoto. Chagua wadogo, kama dagaa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, unaotaka zebaki ipunguzwe kwenye uchimbaji mdogo na, inapowezekana, iondolewe kabisa.

Mama anaweza kujiona mzima wakati mtoto anaumia. Kwa hiyo usisubiri dalili.