Pazia la Sinema na Waliokaa Pembeni

Watu wakizungumzia sinema hutaja waigizaji, hutaja mashine, na siku hizi hutaja ukubwa wa picha kwa inchi. Kitambaa chenyewe kinachoipokea picha hakitajwi. Hali hicho ndicho kinachoamua nani ataona vizuri na nani ataambulia kiza. Mwanangu alipoamua kuweka pazia la mota sebuleni kwake Tanga, aliniomba ushauri, nami sikuweza kumshauri pasipo kurudi nyuma kidogo.

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walionyesha picha zao kwa watazamaji waliolipa kiingilio katika mkahawa mmoja wa Paris. Miaka arobaini baadaye sinema ilikuwa na makao milimani Usambara, huko Vugiri, wilaya ya Korogwe. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, walitengeneza hapo filamu za kuwafunza Waafrika: ugonjwa wa safura, kuweka akiba posta na mengineyo ya namna hiyo. Filamu hazikuwa na sauti ndani yake. Sauti ilitoka kwenye sahani za santuri. Kisha zikapakiwa kwenye lori zikazungushwa Tanganyika na nchi jirani. Waliozitengeneza waliamini wanajua Mwafrika anaweza kuelewa nini na hawezi kuelewa nini. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa somo lao dhaifu kuliko yote.

Magari ya sinema yaliendelea baada yao, nami nikiwa mtoto niliyawahi. Pazia lilikuwa shuka jeupe lililofungwa kwenye nguzo mbili uwanjani. Mbele pakijaa, watu walihamia nyuma, kwa kuwa nuru ilipenya kitambaa. Huko nyuma herufi zote zilikuwa kinyume na kila mtu alikula kwa mkono wa kushoto, lakini hakuna aliyerudi nyumbani bila kuona.

Kumbi za mijini zilikuwa na shida nyingine. Taa za mashine za zamani zilikuwa hafifu na ukumbi mrefu. Mafundi wakapaka pazia rangi yenye chembe za metali ili ling'ae, na ndiyo maana Waingereza hata leo huiita sinema kwa jina la pazia la fedha. Vyuoni kwetu tulikuwa na pazia la miguu mitatu lenye punje ndogo za kioo zilizogandishwa juu yake, ambalo hukunjwa kwa springi. Springi hiyo ni ndugu wa ile ya mapazia ya madirisha, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1864. Mota ya leo imechukua tu nafasi yake ndani ya bomba.

Sasa msomaji na anisikilize vizuri, maana hapa ndipo wauzaji wanapotuchanganya. Pazia halina taa ndani yake. Haliwezi kuongeza nuru. Laweza kuielekeza tu. Pazia jeupe lisilong'aa huisambaza nuru karibu sawasawa pande zote, na kipimo chake huandikwa 1.0. Ukiona 1.8 au 2.5, ujue aliyekaa katikati anapewa zaidi, na ziada hiyo imetolewa kwa waliokaa pembeni. Niliyaona haya darasani miaka mingi: wanafunzi wa katikati waliandika, wale wa madirishani waligeuza shingo na kuuliza wenzao.

Muuzaji alikuwa amemshawishi mwanangu anunue lile lenye kung'aa zaidi. "Baba, projekta yangu taa yake si kali," alijitetea, na hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini nilimuuliza nani hukaa wapi katika sebule ile. Usiku wa mpira majirani hujaa hadi ukutani, watoto hukaa mkekani, na mama yake, ambaye miguu humsumbua, hukaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, pembeni kabisa, apate kuinuka kwa urahisi. Kama picha haing'ai, nikamwambia, nunua mapazia mazito ya madirisha. Alinyamaza, akapiga hesabu, akanunua jeupe la 1.0 na mapazia mazito.

Ukubwa haukutusumbua. Inchi 100 za umbo la 16 kwa 9 ni sentimita 221 kwa 125, nao ukuta ulitosha, ila ni lazima kukumbuka kwamba kasha ni refu kuliko kitambaa. Tulibishana zaidi juu ya nyuzi za pembeni. Pazia linaloning'inia bila kuvutwa huanza kufanya mawimbi baada ya muda, na mpira unaopita juu ya wimbi huonekana kupinda. Lenye nyuzi za kulivuta kushoto na kulia hukaa wima kama ubao, lakini bei yake ni kubwa. Alilipa.

Fundi alitaka kulifunga kwenye dari la jipsamu. Nilimkatalia. Dari la namna hiyo halibebi mzigo unaotikisika kila siku. Kasha lishikwe na ukuta wa zege au mbao za kenchi. Akatoboa boriti ya zege juu ya dirisha, akaweka pima maji mara tatu, maana kasha likiinama hata kidogo kitambaa hujikunja upande mmoja. Tukamwomba pia swichi ya ukutani, kwa sababu rimoti hupotea. Dhidi ya umeme kukatika hatukuwa na dawa: ukikatika pazia likiwa chini, hubaki chini mpaka urudi.

Ikabaki kupanga mota isimame wapi. Fundi aliketi kwenye kochi la katikati, akaridhika. "Mwalimu, hapa ni sawa," akasema. Nikamwomba ahamie kwenye kiti cha mlangoni, kisha akae chini mkekani. Kutoka mkekani aliona ukingo wa chini wa pazia umezibwa na meza ya televisheni, akainuka, akachukua bisibisi na kulipandisha sentimita kumi na mbili.