Wakimbizi wa Afghanistan: hiyo "njia salama" ni ipi?

Wadau, hili neno nalisikia sana, basi leo niwawekee kwa kifupi.

Taliban waliingia Kabul tarehe 15 Agosti 2021. Ndege ziliondoa watu zaidi ya 120,000 kabla ya mwezi kwisha. Hata Uganda ilipokea 51. Waliobaki ndio shughuli.

Njia salama ni ile unayopata kibali kabla hujasafiri. Kubwa ni tatu:

1. Kupewa makazi nchi ya tatu. Kanada iliahidi kupokea 40,000, ikatimiza 2023.
2. Visa ya kibinadamu. Brazil ilianza kuwapa Septemba 2021.
3. Kuungana na familia iliyotangulia.

Zikibanwa, watu wanapanda boti. Februari 26, 2023 boti iliyotoka Uturuki ilivunjika karibu na Cutro, Italia. Walikufa wasiopungua 94, wengi wao Waafghanistan.

Ulinzi je? Mkataba wa 1951, kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari. Pakistan haimo, na tangu mwishoni mwa 2023 imewarudisha mamia ya maelfu. Marekani nayo ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025.

Mimi naona ukifunga mlango wa halali, unamtafutia wateja msafirishaji haramu. Nyie mnasemaje?