Jina la Shosho Limegeuka Alama za Ajabu? Hivi Ndivyo Utachapa PDF kwa PHP Bila Kuharibu Majina ya Meru na Embu

Kama una saiba pale Makutano, Meru, ama unachapia watu makaratasi Embu town, kuna siku utaletewa listi ya majina mia na uambiwe, "Vyeti tunataka kesho asubuhi." Ukiviandika kimoja kimoja utakesha. Skripti ndogo ya PHP inamaliza hiyo kazi kabla chai yako ipoe.

Lakini kuna mtego, na huku kwetu unanasa wengi. Mimi ulininasa. Nilichapia kikundi cha kina mama vyeti vya mafunzo, shosho mmoja akavaa miwani, akaangalia chake, akaniuliza polepole, "Mjukuu wangu, huyu ni nani?" Kila mahali pa ũ palikuwa na Å©. Hicho kilikuwa cheti chake cha kwanza maishani. Nilivirudia vyote kwa doh yangu.

Isikupate wewe. Shika hizi.

PDF na PHP ni nini hasa

PDF ilitoka kwa kampuni ya Adobe mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO. Kazi yake ni moja: karatasi ionekane vilevile kwa kila mashine. PHP nayo ilianzishwa na Rasmus Lerdorf, ikatolewa kwa watu 1995. Inafanya kazi kwa seva, kwa hivyo mteja anajaza fomu kwa simu na faili inatengenezwa upande wako.

Programu za kujua

FPDF: nyepesi na ya bure. Unaipa vipimo kwa milimita (A4 ni 210 kwa 297), halafu AddPage inafungua ukurasa, SetFont inachagua fonti, Cell inaandika, Output inatoa faili.

FPDI: inashikana na FPDF ama TCPDF. Inachukua PDF iliyopo na kuifanya kama karatasi ya chini, wewe unaandika juu yake.

Dompdf na mPDF: unaandika HTML ya kawaida, zinakugeuzia iwe PDF. Kama unajua kutengeneza ukurasa wa wavuti, anzia hapa.

TCPDF: kubwa na ina mambo mengi. Inaelewa herufi za lugha nyingi.

Kwa nini ũ inaharibika

Kimeru na Kiembu zina vokali saba, na herufi a, e, i, o, u hazitoshi. Ndiyo maana tuna ĩ na ũ. Mtu ni mũntũ kwa Kimeru, mũndũ kwa Kiembu.

Sasa, fonti za kawaida za FPDF zinatumia jedwali la herufi linaloitwa windows-1252, lililopangiwa lugha za Ulaya Magharibi. Jedwali hilo halina ĩ wala ũ. Kwa UTF-8, ambayo ndiyo simu na tovuti zinatumia, ũ ni baiti mbili. FPDF inasoma kila baiti kama herufi yake, unapata Å©. Ile ĩ inakuwa Ä©. Kwa hivyo Kĩmĩrũ inatoka KÄ©mÄ©rÅ©. Noma.

Kuna wanaoandika Kimeru kwa î na û, zile za kofia. Hizo ziko kwa windows-1252, lakini bado lazima ubadilishe maandishi kwa iconv kabla ya kuyapa FPDF. Kwa ũ, iconv haitakuokoa: herufi haina pa kukaa.

Dawa

1. Tumia programu inayoelewa UTF-8. mPDF iko sawa moja kwa moja. Kwa TCPDF chagua fonti dejavusans. Kwa Dompdf andika font-family: DejaVu Sans kwa CSS yako. Kama umezoea FPDF, kuna ndugu yake tFPDF, ambayo amri zake ni karibu zilezile.

2. Angalia listi yenyewe. Ukitoa majina kwa Excel, hifadhi kama CSV ya UTF-8. Ile CSV ya kawaida inaweza kupoteza herufi hata kabla PHP iione. Databesi ya MySQL iwe utf8mb4.

3. Chapa karatasi moja ya majaribio yenye Ĩ ĩ Ũ ũ. Isome kwa karatasi, si kwa skrini pekee. Ndio uachilie mia.

4. Muulize mwenye jina. Kama cheti lazima kifanane na kitambulisho, fuata kitambulisho herufi kwa herufi, hata kama hakina alama.

Kujaza fomu iliyopo

Kwa FPDI hatua ni tatu: setSourceFile inafungua faili, importPage inachukua ukurasa, useTemplate inauweka chini. Halafu unaandika jina kwa kipimo ulichopima na rula. Elewa kwamba FPDI haifuti wala kubadilisha maneno ya zamani. Pia ile ya bure haifungui faili yenye paswadi, kama steitimenti ya M-Pesa. Mwenyewe ndiye afungue.

Faili za watu si zako

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Listi yenye majina na namba za vitambulisho usiiache kwa folda ambayo mtu yeyote anaweza kufungua kwa intaneti. Mteja akichukua kazi yake, futa.

Yule shosho alirudi kuchukua kile kipya. Alisoma jina lake mara mbili akifuata na kidole, akakikunja vizuri, akaweka kwa leso. Hakusema kitu. Mimi nilijua kazi imeisha.