Waya Nyembamba Ipasukayo kwa Umeme

Wasomaji wetu wa Kolwezi na Likasi wanaijua shaba kuliko watu wengi wa ulimwengu. Wameiona ikiwa jiwe la kijani, wameiona ikiwa bamba jekundu juu ya lori. Lakini iko tabia moja ya shaba, na ya metali nyingine pia, ambayo twadhani wengi hawajaisikia. Waya nyembamba ikipitishwa umeme mwingi kwa ghafula haiyeyuki tu, bali hupasuka kwa mshindo kama baruti.

Waya nyembamba si jambo geni katika nchi hii. Wayeke wa Mwami Msiri, ambao asili yao ni Usumbwa katika Tanzania ya leo, walivuta waya za shaba na kuzifanya mapambo ya mikono na miguu. Makao yao yalikuwa Bunkeya, ambako Msiri aliuawa mwaka 1891. Mwaka 1926 Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne, mkuu wa misioni za Katanga, aliandika juu ya wayeyushaji hao wa zamani, ambao huitwa "walaji wa shaba".

Karibu miaka mia kabla ya kufa kwa Msiri, mtaalamu Martinus van Marum alikuwa na mashine kubwa ya umeme huko Haarlem, Uholanzi, iliyotengenezwa mwaka 1784. Umeme wake aliulimbikiza katika chupa nyingi, kisha akauachilia wote mara moja upite katika waya. Waya ikatoweka, ukabaki moshi na chembe za moto.

Basi, sababu yake ni nini? Umeme upitapo katika waya hukuta upinzani, na upinzani huzaa joto. Ukipunguza unene wa waya uwe nusu, upinzani wake wazidi mara 4, na metali ya kupashwa moto yabaki robo tu. Kwa hiyo, kwa mkondo ule ule, waya hiyo hupata moto upesi mara 16. Shaba huyeyuka kwenye digrii 1085 na kuchemka karibu na digrii 2560. Umeme ukija kidogo kidogo, waya hulegea na kudondoka. Ukija wote kwa ghafula, metali haipati nafasi hata ya kudondoka: yageuka mvuke pale pale ilipo. Mvuke huo ulioshindiliwa hautaki kupitisha umeme, nao umeme wasita kidogo. Mvuke ukitanuka, umeme waruka ndani yake kwa mwanga mweupe, na hewa yasukumwa kwa kishindo. (Msomaji asijaribu jambo hili nyumbani.)

Wachimbaji wa Kamoto na Musonoi wazijua fataki za umeme. Ndani ya fataki ya kawaida mna kipande cha waya kinachopata moto na kuiwasha baruti. Lakini fataki za namna hiyo hazilipuki zote kwa nukta moja, hutofautiana kidogo. Kwa kupasua miamba si neno. Mwaka 1944, huko Los Alamos, Marekani, Luis Alvarez na Lawrence Johnston walitaka fataki nyingi zilipuke pamoja, zisiachane hata kwa sehemu ya milioni ya sekunde. Wakatumia waya inayopasuka. Bomu lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945 lilikuwa na fataki 32 za namna hiyo. Na sehemu kubwa ya urani ambayo Wamarekani walitumia katika kazi yao ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Watu waliolichimba jiwe lile hawakuambiwa litafanya nini.

Tangu mwaka 1982 umeme wa Inga hufika Kolwezi kwa njia ya kilomita 1,700 hivi, ukipita katika nyaya nene zisizopata moto mwingi. Nyumbani, kinyume chake, twaweka kwa makusudi waya nyembamba ndani ya fyuzi, ife yenyewe kabla nyumba haijaungua. Wapo watu ambao fyuzi yao ikikatika huiondoa na kuunga kipande kinene cha shaba, maana shaba haikosekani huku. Taa zawaka tena, nao wafurahi. Lakini sasa waya iliyo nyembamba kuliko zote ni ile iliyofichwa ukutani, karibu na mbao za dari.