Jua la Nyanda za Baridi: Historia ya Kuwakinga Wenye Ualbino dhidi ya Saratani ya Ngozi

Miongoni mwa hatari za saratani ambazo mtu huzaliwa nazo, hakuna inayoonekana kwa uwazi zaidi nchini Tanzania kuliko ile inayoambatana na ualbino, hali ya kurithi ambayo mwili hushindwa kutengeneza melanini ya kutosha, yaani rangi ya ngozi, nywele na macho inayoukinga mwili dhidi ya mionzi ya jua. Historia ya kuwakinga wenye hali hiyo imeandikwa zaidi Dar es Salaam na Moshi, lakini uzito wake hupimika vyema katika miji kama Mafinga, ambako hali ya hewa, kazi na umbali vimeungana kuonyesha kwamba ugumu haukuwa kumtambua aliye hatarini bali kumfikia.

Mafinga, makao ya Wilaya ya Mufindi, iko takriban kilomita 80 kusini-magharibi ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, katika mwinuko unaokaribia mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Uchumi wake umejengwa juu ya kazi za nje: msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ambao chimbuko lake ni mwaka 1939, mashamba ya chai ya Mufindi, pareto, mahindi na viazi. Baridi ya Juni na Julai huwafanya wakazi wavae makoti na kuamini kwamba jua la huko ni pole, ilhali mionzi isiyoonekana, ile ya urujuanimno inayoharibu ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo mkulima wa Mufindi anaweza kupokea mionzi mingi kuliko mvuvi wa pwani bila kuhisi joto la kumwonya. Aidha, jua hupita wima juu ya eneo hilo kuelekea katikati ya Oktoba, wakati mashamba yanapotayarishwa kungojea mvua, na tena mwishoni mwa Februari.

Ualbino hurithiwa kwa njia fiche, maana yake ni kwamba mtoto huupata pale tu baba na mama wote wawili wanapompa nakala yenye hitilafu ya jeni moja, ingawa wao wenyewe huwa na rangi ya kawaida. Wazazi wa namna hiyo wana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye ualbino katika kila mimba. Kwa makadirio ya miaka ya 1980 kwamba mtu 1 kati ya takriban 1,400 nchini alikuwa na ualbino, hesabu ya urithi huonyesha kwamba mtu 1 kati ya takriban 19 huibeba hitilafu hiyo bila kujua, jambo linaloondoa msingi wa lawama ambazo akina mama wengi wametupiwa baada ya kujifungua. Mwaka 1994, mwaka uleule ambao jeni ya BRCA1 inayohusika na saratani ya matiti na ya ovari ilitambuliwa, watafiti walieleza pengo katika jeni iliyoitwa P, ambayo sasa huitwa OCA2, lenye asili ya Afrika; mwaka uliofuata uchunguzi wa wagonjwa wa Tanzania ulionyesha kwamba pengo hilo ndilo chanzo kikuu cha ualbino miongoni mwao.

Mfano wa BRCA1 unaonyesha tofauti muhimu, kwa sababu mwanamke mwenye hitilafu katika jeni hiyo hutambuliwa kwa kipimo cha damu, kisha hupewa chaguo la kupigwa picha za matiti mara kwa mara au kuondolewa matiti na ovari kabla ya ugonjwa kuingia, na huduma hizo zote ni ghali. Mwenye ualbino hahitaji kipimo cha damu ili hatari yake ijulikane, kwani mkunga huiona siku ya kuzaliwa, na uchunguzi wake hutegemea macho ya mtaalamu na mwanga wa kutosha.

Ukubwa wa tatizo uliwekwa wazi mwaka 1985, Jeff Luande, Claudia Henschke na Nizar Mohammed walipochapisha katika jarida la Cancer uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam. Walionyesha kwamba madhara ya jua huanza utotoni, kwamba saratani iliyokomaa huwapata watu wangali vijana, na kwamba wachache tu hufikia uzee. Chama cha Albino Tanzania kilikuwa kimeshaanzishwa mwaka 1978, lakini huduma ya saratani yenyewe ilikuwa imejikusanya Ocean Road, Dar es Salaam, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mafinga. Mgonjwa aliyefunga safari hiyo kwa kawaida alikuwa ameshachelewa.

Mwelekeo mwingine ulianzia Moshi, ambako kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilifunguliwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, kikiwafundisha maofisa tabibu na wauguzi, ambao ndio wanaofanya kazi wilayani. Mwaka 1995 Lookingbill na wenzake, akiwemo Barbara Leppard wa kituo hicho, walitoa matokeo ya wagonjwa 164 waliofuatwa na kliniki tembezi kaskazini mwa nchi. Mtindo wa kliniki hizo ni rahisi kuueleza: ngozi yote hukaguliwa kila baada ya miezi michache, hasa uso, masikio, shingo na mikono, magamba magumu yanayotangulia saratani hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika au kupakwa dawa, uvimbe mdogo hukatwa, na mwenye uvimbe mkubwa hupelekwa kwenye upasuaji au mionzi. Mwaka 2012 kitengo cha kutengeneza mafuta ya kujikinga na jua kilianza kazi KCMC kwa juhudi za mfamasia Mafalda Soto kutoka Hispania, na mafuta yake, yanayojulikana kama Kilisun, yaligawiwa pamoja na ukaguzi wa ngozi, kwa kuwa bei ya mafuta ya dukani ilikuwa nje ya uwezo wa familia nyingi.

Katikati ya juhudi hizo yalizuka mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoshtua dunia kuanzia miaka ya 2006 na 2007, hasa katika Kanda ya Ziwa. Mauaji hayo yalileta ulinzi, fedha na Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, ambayo huadhimishwa kila Juni 13 tangu mwaka 2015, lakini pia yalizifanya familia ziwafiche watoto, na mtoto aliyefichwa hafiki kliniki.

Kwa wilaya kama Mufindi, historia hii inaelekeza kwenye kinga ambayo haifanani na dawa. Ualbino huambatana na uoni hafifu, hivyo mtoto asiyeuona ubao huacha shule na kurudi kwenye kazi pekee iliyo wazi kwake, nayo ni jembe au kuchuma chai, palepale penye jua. Miwani, kiti cha mbele darasani na ruhusa ya kuvaa kofia pana na mikono mirefu hata pale sare ya shule inapokataza humwezesha kufikia ushonaji, biashara au ofisi, na hivyo kuipunguzia ngozi yake miaka mingi ya mionzi. Kwa kuwa mkunga humtambua mtoto huyo siku ya kwanza, jina lake linaweza kuandikwa wilayani papo hapo kwa ajili ya mafuta, miwani na tarehe ya ukaguzi wa ngozi, naye akahudumiwa kabla kidonda cha kwanza hakijatokea.